Kufufua rangi na vanishi za zamani za mifano ya majahazi: shajara ya mradi, Lamu

Shajara hii ni ya yeyote mwenye vikopo vya rangi za mifano vilivyolala kabatini miaka na hajui avitupe au avifungue. Mimi huchonga mifano ya majahazi na mashua hapa Amu, yaani Lamu, na mara mojamoja huunganisha meli za plastiki kwa raha yangu tu. Rangi za kazi hii haziuzwi kisiwani. Maduka yetu yana rangi za nyumba na za vyombo vya kweli, kwa kopo la lita. Kikopo cha mililita 14 cha nyekundu inayofaa huagizwa Nairobi au ng'ambo, na kwa kuwa ni kitu kinachoshika moto, huwezi kukitia kwenye begi ukapanda nacho ndege. Basi niliposikia kuwa mgeni mmoja wa Shela anahama na anagawa vitu vyake, na katika vitu hivyo lipo kopo la biskuti limejaa rangi, nilishika njia ya pwani siku hiyo hiyo.

Nitaandika kila hatua ikikamilika. Zilizo rahisi nitazipita mbio. Palipoharibika ndipo nitakapokaa.

12 Januari 2025: Kupambanua

Jumla vikopo na chupa 45, za chapa tatu. Vingi ni vikopo vya Humbrol vya mililita 14. Vipo vichupa vya kioo vya Tamiya vya mililita 10, na chupa chache za plastiki za Vallejo, zile zenye mdomo wa kudondosha. Upande wa vanishi: Humbrol 35 ya kung'aa, Humbrol 49 isiyong'aa, Tamiya X-22 ya kung'aa, Tamiya X-21 ya kuondoa mng'ao, na chupa ya jamu isiyo na lebo yenye kitu cha rangi ya asali.

Mtu akiona rangi imeganda hukimbilia thina iliyo karibu na kumimina. Ngoja kwanza. Lazima ujue rangi hiyo hukauka vipi.

Rangi ya mafuta, kama Humbrol, hukauka mara mbili. Kwanza kiyeyushi kinaruka, kisha mafuta yenyewe yanashikana na oksijeni ya hewani na kugeuka kitu kingine. Hatua hiyo ya pili haina kurudi, ndiyo maana utando wa juu ya kopo hauyeyuki hata ukiulaza ndani ya tapentaini wiki nzima. Laka ni kinyume chake: hukauka kwa kuruka kiyeyushi basi, kwa hiyo ukikirudisha nayo inalainika. Rangi ya maji kama Vallejo ni chembe ndogo za plastiki zinazoelea majini. Maji yakishaondoka chembe zinaumana, na maji mapya hayaziachanishi tena. Tamiya ziko katikati. Zinakubali maji, lakini zimetengenezwa kwa spiriti, na zikiwa zimeanza tu kuganda huwa bado zinaitika.

Zisizo na lebo nilizijaribu juu ya kipande cha kioo cha dirisha: tone moja la rangi kando ya tone la maji, jingine kando ya spiriti, jingine kando ya tapentaini, halafu nikayachanganya kwa kijiti. Palipotoka rangi laini, hapo ndipo nyumbani kwake. Palipotoka madonge, si kwake. Tone la ile chupa ya jamu nililiacha likauke mpaka kesho yake, kisha nikaligusa kwa pamba yenye thina kali ya gereji. Likalainika na kunata. Kwa hiyo ni laka.

Vikopo vitatu, viwili vya manjano na kimoja cha machungwa, nimeviweka kando bila kuvifungua. Manjano na machungwa za zamani mara nyingi zilipata rangi yake kwa kromati ya risasi, na hivi havina hata dalili ya mwaka vilipotengenezwa. Havitapigwa msasa nyumbani kwangu, wala havitapakwa kitu ambacho mtoto atakishika.

19 Januari: Kufungua

Hewa ya bahari haikuvisaza. Mfuniko wa kikopo cha Humbrol hukaa ndani ya mfereji mwembamba, na mfereji huo ndio unaojaa kutu na rangi kavu. Ukiinua mfuniko kwa nguvu upande mmoja, uchafu wote huo unaanguka ndani, na chembe ya kutu kwenye rangi nyeupe utaiona mpaka siku ya kiama.

Kilichosaidia ni kusafisha kabla ya kufungua: mswaki wa zamani uliochovywa kwenye tapentaini, kuzungushia mfereji, kupangusa kwa kitambaa, kurudia mpaka kitambaa kitoke kisafi. Baadaye bisibisi bapa, kuinua kidogo hapa, kuzungusha kikopo, kuinua kidogo pale. Vichupa vya Tamiya vilivyogoma nilivisimamisha vichwa chini kwenye bakuli la maji moto, maji yafike kwenye mfuniko tu, kisha nikavishika kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Moto hapana, hata wa kiberiti.

Vikopo vingine kutu imevitoboa kabisa, ndani mna donge kavu. Hivyo vimekwenda.

2 Februari: Utando, mashapo na mafuta ya juu

Nitaeleza kikopo kimoja tu, nyekundu namba 60, maana vyote vya mafuta vimefuata njia yake.

Kabla yake niliharibu kijani kimoja kwa haraka. Utando ulikuwa mwembamba, nikauvunja kwa kijiti na kukoroga nikitumaini utayeyuka. Haukuyeyuka. Umegawanyika vipande vidogo vidogo laini vinavyopita hata kwenye chujio kwa kujipinda, na kila mkono wa brashi unatoka na vijinyuzi. Kijani hicho sasa ni cha kupakia ndani ya ngama tu, mahali pasipoonekana.

Kwa nyekundu nilitumia ncha ya wembe. Nilipitisha ncha kuzunguka ukuta wa kopo, taratibu, mpaka utando ukaelea wenyewe. Nikaushika ukingoni kwa kibano na kuuinua mzima kama ulivyo. Upande wake wa chini umebeba rangi nzuri mbichi, kwa hiyo niliuburuta mara moja juu ya mdomo wa kopo kabla ya kuutupa. Chini yake mlikuwa na kimiminika cha rangi ya chai nyepesi, na chini ya kimiminika hicho tope zito jekundu, limeshikana kiasi kwamba kijiti kilisimama.

Kimiminika hicho usikimwage. Nimemwona fundi mmoja akikimwaga kwa kudhani ni tapentaini chakavu. Ndani yake yamo mafuta yanayoishikisha rangi kwenye mti; ukiyamwaga na kujaza tapentaini, utapata rangi inayokauka kama chokaa na kutoka kwa kidole. Nilikivuta kwa sirinji ya duka la dawa, nikakiweka kwenye kikombe cha kioo, nikakifunika.

Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza. Tope hulifinyangi likiwa limefunikwa na kimiminika, kwa sababu madonge yanakimbia mbele ya kijiti. Linataka liwe zito, ili lijisage lenyewe. Nilichonga kijiti cha aiskrimu kiwe na ncha bapa, nikalikandamiza tope dhidi ya ukuta wa kopo, kijiti kikishuka na kupanda, tone moja moja tu la kile kimiminika likiongezwa. Baada ya kitambo sauti hubadilika. Mwanzo unasikia mkwaruzo, kisha mkwaruzo unapotea, na tope linaanza kung'aa. Ukifika hapo ndipo unarudisha kimiminika chote, kidogo kidogo. Nyekundu yangu ilihitaji matone machache ya tapentaini mwisho kabisa, basi.

Kuchuja: kifumbu kina matundu makubwa mno, na chandarua vilevile. Soksi ndefu nyembamba ya kike ya nailoni, ikunjwe mara mbili na kuvutwa juu ya mdomo wa kichupa, inafaa. Duka nilikoinunua muuzaji aliniuliza, "Za bibi harusi, bwana?" Nikamwambia ni za jahazi.

Kitu cha kutikisia ndani ya kichupa: nilianza na nati ndogo za baiskeli. Kwenye rangi za mafuta hazikuleta shida. Kwenye rangi za maji zilianza kutoa kutu mapema sana, na rangi nyeupe ikaingia wekundu. Nikazitoa zote na kutia shanga za kioo, mbili au tatu kila kichupa.

9 Februari: Rangi za maji na za spiriti

Hizi zinaonekana nyepesi kuliko zile za mafuta, na hapa ndipo nilipopoteza nyingi zaidi kwa hesabu ya uwiano.

Kichupa cha Vallejo cha buluu kilikuwa kizito tu, hakijaganda. Nilitia spiriti kidogo, kwa kufuata mazoea ya Tamiya. Papo hapo rangi ikajikusanya nyuzi nyuzi, na nilipoitikisa ikawa kama mpira uliokatwakatwa. Hakuna kinachoirudisha. Ukiwa na familia hizi mbili mezani kwa pamoja, funga chupa ya spiriti unapogusa Vallejo.

Kosa la pili lilichelewa kujionyesha. Nyeupe mbili nilizilainisha kwa maji ya kisima chetu. Siku ile zilitoka nzuri. Wiki ilipokwisha zilikuwa zimeachana, maji juu na chenga chini, na kutikisa hakukusaidia. Visima vya mjini vina chumvi, na chumvi huvuruga zile chembe zinazoelea mpaka zinashikana kabla ya wakati. Tangu hapo natumia maji ya betri yanayouzwa kwa mafundi wa magari na jenereta, yale yaliyokenekwa, si ile asidi. Soma chupa mara mbili, maana zinakaa rafu moja na zinafanana.

Chupa moja ilipofunguliwa ilinuka kama kitu kilichokufa. Rangi za maji huoza, vijidudu vinaingia vikala. Nimeitupa.

Tamiya zilikwenda vizuri. Isopropili unaipata kwa fundi wa simu, yeye huitumia kusafishia mbao za saketi, na alinipimia robo lita bila maneno. Spiriti iliyotiwa rangi ya zambarau nayo inafanya kazi, ila usiitie kwenye nyeupe. Vichupa vilivyokuwa vimeganda kama jeli nilivitia matone, nikaviacha usiku, nikakoroga asubuhi, nikaongeza. Ukikoroga mara tu baada ya kutia unapata jeli iliyokatikakatika ndani ya spiriti. Vilivyokauka hadi kupasuka niliviacha. Kwa thina kali vinayeyuka kweli, lakini rangi inayotoka ina mchanga na haina mshiko.

23 Februari: Nyeusi iliyokataa kukauka

Nyeusi namba 33 ilifunguka vizuri, ikakorogeka, ikachujika, ikapakika. Haikukauka. Ubao wa majaribio ulikuwa bado unanata siku ambayo nyekundu na nyeupe za wakati mmoja zimeshapigwa msasa.

Ndani ya rangi za mafuta huwa mna dawa ya kukaushia, kiasi kidogo cha madini kama kobalti, kinachoharakisha mafuta kushikana na hewa. Masizi yanayotoa rangi nyeusi yana tabia ya kuinyonya dawa hiyo taratibu kopo likiwa limekaa. Rangi inabaki nzima kwa macho, lakini imepoteza kinachoikausha.

Nilijaribu kuipa jua. Ikatengeneza ngozi juu na kubaki laini chini, jambo lililo baya zaidi. Kilichofaa ni kuichanganya na rangi nyeusi mpya ya mafuta, ile ya milango na madirisha, sehemu moja ya mpya kwa tatu za zamani. Ni familia moja, na ile mpya inakuja na dawa yake. Hasara ni kwamba ya milango inang'aa, na hii ya zamani ilitakiwa isiwe na mng'ao, kwa hiyo nyeusi yangu sasa iko katikati. Kwa mkanda wa ubavuni mwa jahazi haina neno. Kwa mtu wa meli za kivita za plastiki itamuudhi.

14 Machi: Vanishi imeingia ukungu

Ramadhani. Mvuke wa thina mchana wakati koo kavu ni adhabu, kwa hiyo kazi ya vanishi nimeihamishia usiku baada ya tarawehe, madirisha wazi, taa ya umeme, jiko likiwa limezimwa mbali.

Nilianza na ile laka ya chupa ya jamu, nikailainisha kwa thina kali na kuipaka kwenye vibao vya mkoko na mwembe. Ilipokuwa ikikauka ikageuka nyeupe, kwanza madoa, kisha ubao mzima ukapata ukungu. Niliilaumu laka kwa uzee wake. Nikafungua thina mpya, ukungu vilevile.

Laka haikuwa na hatia. Thina inaporuka upesi hupoza uso wa ubao. Usiku wa pwani hewa imejaa unyevu, na unyevu huo hutua juu ya ubao uliopoa, ukanaswa ndani ya laka kabla haijafunga. Kesho yake saa nne asubuhi, umande umekauka na upepo wa kaskazi unavuma, laka ile ile na thina ile ile zilitoka safi kabisa. Vibao vyenye ukungu niliviokoa saa hiyo hiyo ya mchana kwa kupitisha brashi laini yenye thina tupu, mkono mmoja bila kurudia. Laka ililainika, unyevu ukatoka, weupe ukaondoka. Hii haiwezekani kwa vanishi ya mafuta.

Kwa hiyo, mfungo au si mfungo, laka hapa Lamu hupakwa kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, na siku ya mvua haipakwi.

Jingine la mwezi huu. Nilipaka laka hiyo juu ya nyeupe ya Humbrol iliyoonekana imekauka vizuri. Kufumba na kufumbua nyeupe ikakunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, ikanyanyuka kutoka kwenye mti. Thina kali inapenya rangi ya mafuta ambayo bado haijashikana mpaka ndani, inaivimbisha, nayo haina pa kwenda isipokuwa kujikunja. Nilikwangua yote nikaanza tena. Juu ya rangi ya mafuta tia vanishi ya mafuta au ya maji. Na kwenye meli za plastiki thina kali isikaribie kabisa, inakula plastiki yenyewe. Vikombe vya mtindi vilevile. Kimoja kilitoboka mezani kikiwa na laka ndani.

6 Aprili: Mng'ao wa kiasi

Baada ya Idi alikuja mzee mmoja wa Matondoni, fundi wa vyombo tangu ujana wake, kunitazamia jahazi ninalolimalizia. Lilikuwa limepakwa Humbrol 35 peke yake. Alilizungusha mkononi, akalinusa, akaligeuza tumbo juu.

"Chombo hakimetameti kama sahani, mwanangu," alisema. "Sifa huupa mti weusi. Mng'ao ukiuona, ni maji hayajakauka."

"Je, na macho, mzee?"

"Mato yaache yaonekane. Hayo ndiyo yenye kupakwa rangi."

Amesema kweli. Jahazi la Lamu ubavu wake hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na chini ya maji hupakwa shahamu na chokaa. Uking'arisha mfano wote umetengeneza pambo la kabati. Kinachotakiwa ni kumeta kidogo sana kwenye mbao, na macho ya omoni, yaani mbele ya chombo, yenye mwezi na nyota yawe na rangi kavu, safi.

Hapo ndipo nilipohitaji ile 49 isiyong'aa, ambayo ilikuwa imenishinda. Mara ya kwanza ilitoka inang'aa kama ndugu yake. Nilipofika chini ya kopo, ikatoka na vumbi jeupe. Vanishi isiyong'aa ni vanishi ya kawaida iliyotiwa unga laini sana wa silika unaovunja mwanga, na unga huo huzama. Ukitumia ya juu unapata mng'ao, ukitumia ya chini unapata unga. Nilikiweka kikopo kwenye maji ya uvuguvugu, kimefungwa, nikafinyanga mashapo kwa namna ile ile ya nyekundu, nikatikisa kwa shanga mpaka mkono ukachoka. Ikatulia.

Kisha nikachanganya sehemu mbili za 35 na moja ya 49. Zote ni za mafuta, hazigombani. Imetoka vile mzee alivyotaka, au karibu yake. Mchanganyiko huu unazama haraka, kwa hiyo unakorogwa kila unapochovya brashi.

Vanishi za mafuta zilizokaa gizani zimeingia umanjano. Kwenye mbao za ubavuni umanjano huo ni faida, unafanana na sifa. Juu ya jicho jeupe ni balaa. Kwa macho nimetumia X-22 ya Tamiya iliyokatwa mng'ao kwa X-21 kidogo. Neno *kidogo* nalisisitiza, kwa sababu mpwa wangu aliona kichupa cha X-21 kimeandikwa kwamba ni ya kuondoa mng'ao, akakidhani ni vanishi kamili, akapaka peke yake juu ya pezi la mfano wake wa ndege. Likakauka jeupe kama lililomwagiwa unga wa muhogo. X-21 ni kiungo, hutiwa ndani ya kitu kingine. Tuliliosha kwa isopropili ikatoka pamoja na rangi ya chini.

11 Mei: Masika, na mahali pa kuziweka

Mvua zimeingia na hapakaliki nje. Wakati mzuri wa kupanga.

Mpaka sasa rangi zilikuwa chini ya mabati ya karakana. Mchana pale hupikika, usiku hupoa, na kila kopo linalopanuka na kusinyaa linavuta hewa mpya ndani kupitia mfuniko uliolegea. Nimezihamishia ndani ya nyumba ya zamani ya familia, kwenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, za chumba cha ndani. Kuta za matumbawe ni nene, jua halifiki, na joto halipandi na kushuka kwa kishindo. Wazee walipanga humo sahani za kigeni. Sasa wamo Humbrol. Shangazi hakupendezwa, tukaelewana kwa sharti kwamba hakuna kinachofunguliwa humo, ni kuweka tu.

Ushauri wa kupindua vikopo ili rangi yenyewe izibe mfuniko nimeujaribu. Pengine kwenye nchi kavu unafaa. Hapa mifereji ya vikopo imeliwa na kutu, na asubuhi nilikuta duara za rangi kwenye karatasi. Kwa hiyo nimevihamisha vyote vya mafuta kwenye vichupa vya kioo vya wauza uturi. Kichupa kijae. Hewa iliyobaki juu ya rangi ndiyo inayotengeneza utando, na robo kichupa cha rangi katika kichupa kikubwa ni kujitafutia kazi ya Februari upya. Pale rangi isipojaza nimetia gololi za kioo za watoto mpaka ikapanda shingoni. Mdomo wa kichupa unapanguswa, nyuzi za mfuniko zinapakwa vaselini nyembamba, na kipande cha nailoni kinawekwa kati ya mfuniko na mdomo. Vaselini isiingie ndani. Rangi yenye vaselini haikamati.

Lebo zimeandikwa kwa penseli, kwani wino unafutwa na thina: jina la rangi, familia yake kwa herufi moja, mwezi wa kuchanganywa. Juu ya kila mfuniko tone la rangi yenyewe.

Taka. Mitaro ya mji wetu iko wazi na inashuka moja kwa moja baharini, kwa hiyo hakuna kilichomwagwa humo. Mabaki yote yamekaushwa ndani ya kopo la vumbi la mbao, nje, mbali na paka na punda. Vitambaa vyenye mafuta na vanishi vinatandazwa kimoja kimoja mpaka vikauke. Ukivirundika vinyevu, mafuta yanaposhikana na hewa hutoa joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe bila mtu kuligusa.

20 Julai: Nimefungua tena

Kusi imetawala, hewa kavu kidogo, nikavitoa vichupa kuvikagua.

Vya mafuta vilivyojaa: hakuna utando, mashapo machache yanayorudi kwa kutikisa. Vichupa viwili ambavyo sikuvitia gololi vina utando mwembamba, vyote viwili. Tamiya zote nzima. Rangi za maji nilizolainisha kwa maji ya betri hazijaachana. Nyeusi niliyoichanganya imekauka vizuri kwenye ubao, lakini ukiibonyeza kwa ukucha bado inakubali alama, kwa hiyo sitaipaka mahali pa kushikwa.

Hesabu: kati ya 45, zilizofaa ni 31, zilizotupwa 11, na zile tatu za kando.

Gharama, kwa shilingi za Kenya na bei za hapa kisiwani:

- Tapentaini lita 1: 400
- Thina kali lita 1: 450
- Isopropili robo lita: 300
- Maji ya betri lita 1: 150
- Vichupa vya kioo 30: 750
- Sirinji: 100
- Soksi za nailoni: 150
- Shanga: 100 (gololi nilipewa na watoto wa mtaa)
- Vaselini: 120
- Rangi nyeusi ya milango: 350

Jumla 2,870. Kwa rangi zinazofanya kazi ni bei ndogo mno ukilinganisha na kuagiza mpya. Kwa vanishi, siwezi kusema hivyo. Zimenila muda kuliko rangi zote, na ile laka ya chupa ya jamu naitumia kwa vibao vya majina tu. Anayeanza leo ningemwambia aokoe rangi na anunue vanishi mpya, isipokuwa kama ana mbao zinazotaka ule umanjano.

Jahazi limekwisha. Mfano wa mtepe unaofuata hautahitaji rangi isipokuwa macho, maana mbao zake zimeshonwa kwa kamba na nataka mshono uonekane. Utapata ule mchanganyiko wa 35 na 49 tu.

Vikopo vitatu vya manjano na machungwa bado vimefungwa ndani ya kopo lao la biskuti, juu ya mwamba wa mlango ambapo watoto hawafiki. Sitaki kuvitia kwenye jaa la kawaida. Anayejua mahali hapa pwani wanapopokea rangi zenye risasi kihalali, aniambie, nitaongeza hapa.